Wanangu wanataka kuniletea roboti, mimi nataka miwani yangu iokotwe

SWALI

Ndugu mshauri,

Nina miaka 71, mwalimu mstaafu na mjane. Miaka minne iliyopita nilipata kiharusi. Nilipona kwa kiasi: mguu wa kushoto unaburuta, na mkono wa kushoto umebaki wa kugandamiza karatasi isipeperuke, si wa kubeba kitu. Natembea kwa mkongojo. Nikiinama kichwa kinazunguka, na daktari alinikataza kuinama nikiwa peke yangu. Naishi peke yangu katika nyumba niliyoijenga na marehemu mume wangu, na humo ndimo ninamotaka kuendelea kuishi.

Kuna binti anayekuja asubuhi, siku sita kwa wiki. Ananisaidia kuoga, anafagia, anafua, anapika cha mchana na kuniachia cha jioni. Saa nane anaondoka. Kuanzia hapo mpaka kesho yake ni mimi na kuta.

Nina watoto watatu. Kifungua mimba wangu yuko mbali, na ndiye anayelipa gharama nyingi. Wa kati naye yuko mbali. Kitindamimba ndiye aliye karibu, na ndiye anayekimbia kila nikipiga simu, iwe usiku au mchana, naye ana watoto wadogo. Mwezi uliopita nilianguka bafuni. Sikuvunjika, lakini nilikaa sakafuni muda mrefu hadi nilipoweza kujivuta mpaka ilipo simu. Tangu siku hiyo wanangu hawana usingizi. Wamefanya kikao kwa simu, mimi sikuwemo, wakakata shauri waninunulie roboti.

Walinitumia video. Ina magurudumu, mkono mmoja, kamera na skrini. Inakunja nguo, inapanga vyombo, inampelekea mzee mmoja glasi ya maji. Wanasema kwa ile kamera wataweza kuniona saa yoyote wakiwa huko waliko. Na kwa kuwa itafagia na kunikumbusha dawa, yule binti atakuja siku mbili tu kwa wiki, ili fedha itakayobaki ilipie mashine.

Nikueleze jambo moja dogo. Jumanne iliyopita, kama saa kumi jioni, nilikuwa nimekaa nasoma, miwani ikanidondoka. Niliiona pale chini, hatua mbili kutoka kwenye kiti. Nikajaribu kuivuta kwa ncha ya mkongojo. Ikateleza, ikaingia chini ya kabati. Basi nikakaa. Kitabu kipo mapajani, taa inawaka, herufi sizioni. Nilisubiri mpaka binti alipokuja asubuhi. Sikumpigia kitindamimba wangu, maana utamwambiaje mtu aache watoto wake kwa sababu ya miwani? Kama ipo roboti ya kuniokotea miwani, naitaka leo. Lakini hiyo waliyonionyesha inanitia hofu.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Kuogeshwa na binti mwenye umri wa wajukuu wangu bado kunaniuma. Ni mpole, hana neno, lakini kila asubuhi najisikia kuvuliwa zaidi ya nguo. Kuna siku nawaza, heri mashine, isiyo na macho ya huruma. Kisha nakumbuka kuwa huyo binti ndiye mtu pekee ninayezungumza naye tangu kunapokucha mpaka jua linazama, na mawazo yangu mwenyewe yananitia aibu.

Nikikataa, nitakuwa sina shukrani? Na mashine hiyo inaweza kweli hayo wanayoyasema?

Mwalimu mstaafu

JIBU

Mwalimu, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye ile miwani chini ya kabati. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kusoma amekaa jioni nzima na kitabu mapajani, na kilichomzuia ni hatua mbili za sakafu. Nitairudia hiyo miwani, kwa sababu naona jibu la barua yako limelala pale ilipoangukia.

Kwanza shukrani. Kukataa kitu ambacho hukuulizwa kama unakitaka si utovu wa shukrani. Wanao wanakupenda, hilo halina ubishi, na hofu yao ina msingi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na wengi wao ni wa umri wa zaidi ya miaka 60. Walipokosea ni kufanya kikao kuhusu mwili wako, bafu lako na msaidizi wako bila wewe kuwemo. Kwa hiyo usiikatae roboti kwa kuwa ni roboti. Ukatae mpango walioupanga, kisha uwapelekee wa kwako.

Sasa tutazame huo mpango wao kwa makini. Ni nini kilichowakosesha usingizi? Ulianguka, ukakaa sakafuni, hukuweza kuita mtu. Ulianguka wapi? Bafuni. Na bafuni ndiko mahali ambako roboti ya magurudumu haina kazi: kuna kizingiti, kuna maji, mlango ni mwembamba, na wewe unaufunga. Hata ingekuwa imesimama pembeni yako, isingekuinua. Kumwinua binadamu ni kazi nzito mno kwa mashine. Mwaka 2015 watafiti wa taasisi ya Riken ya Japani walionyesha roboti yenye sura ya dubu, Robear, iliyotengenezwa kwa ajili ya kumtoa mgonjwa kitandani na kumweka kwenye kiti cha magurudumu. Ilikuwa na uzito wa kilo 140, na ilibaki kuwa mashine ya utafiti. Huo mkono mmoja mliouona kwenye video umetengenezwa kubeba glasi, kitabu au chupa ya dawa. Mwili wa mtu hauuwezi.

Kinachojibu hofu ya wanao ni vitu visivyo na sura ya kupendeza kwenye video. Vyuma vya kushikilia vilivyofungwa imara ukutani, pale mkono wako wa kulia unapofika. Stuli ya kuogea isiyoteleza. Mpira wa kukanyagia. Na kitufe cha dharura kinachovaliwa shingoni au mkononi, kisichoharibiwa na maji, ambacho ukikibonyeza kinapiga simu kwa watu uliowachagua. Hicho usikivue ukiingia kuoga. Wengi hukitundika mlangoni wakati wa kuoga kwa kuogopa kukilowesha, wakati huko ndiko wanakokihitaji kuliko mahali pengine popote. Na kama hujamweleza daktari wako kwamba ulianguka, mweleze wiki hii. Wakati mwingine sababu ni dawa au shinikizo la damu, na hayo hayasubiri roboti.

Umeuliza kama mashine inaweza wanayoyasema. Baadhi inaweza, na vizuri. Kazi ya sakafu roboti zimeizoea: Roomba ya kwanza, mashine ya kufyonza vumbi inayojiendesha, ilianza kuuzwa mwaka 2002, na leo mashine za aina hiyo zinajichorea ramani ya nyumba, zinakwepa ngazi na kurudi zenyewe kwenye chaji. Kwa mtu aliyekatazwa kuinama hiyo ni nafuu kubwa, na ningekushauri uwaombe wanao hiyo kabla ya ile ya mkono. Ila uwaambie mambo mawili ambayo muuzaji huwa hayasemi. La kwanza, kile kisanduku cha vumbi lazima mtu akimwage, na nywele zilizojisokota kwenye brashi lazima mtu azichomoe, na kazi hizo zinataka kuinama na vidole viwili vyenye nguvu. Hizo ni za binti, si zako. La pili, mashine yenyewe ni kitu cha chini kinachotembea, na wewe mguu wako unaburuta. Ipangiwe kufanya kazi saa ambazo binti yupo na wewe umekaa. Usiku izimwe kabisa.

Mkono ni habari nyingine. Hans Moravec, mtaalamu wa roboti, alieleza tangu mwaka 1988 kwamba ni rahisi kuifanya kompyuta icheze drafti kama mtu mzima, na ni vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kujongea. Wewe umelea na umefundisha, unajua mtoto hutumia miezi mingapi kujifunza kushika kikombe. Shuka lililokunjamana leo halijakunjamana kama la jana. Mtu haoni tofauti, mkono wake unajua tu. Mashine lazima ihesabu kila kunjo. Ndiyo maana video nyingi za roboti zinazokunja nguo huwa zimeharakishwa, na nyingine nyuma yake kuna mtu anayeiongoza. Mwaka 2025 kampuni ya 1X ilipotangaza roboti yake ya nyumbani iitwayo NEO, ilieleza yenyewe kwamba kazi ambazo roboti haijazijua zinaweza kufanywa na mfanyakazi wa kampuni aliye mbali, anayeona kupitia kamera zake na kuiendesha, kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Sisemi hilo ni kosa. Ila mtu anayedhani analetewa mashine anapaswa kujua kama analetewa pia mgeni anayemwangalia.

Waulize wanao hivyo hivyo: katika ile video, nani alikuwa anaiendesha?

Usije ukadhani nakuvunja moyo. Kuna Mmarekani anayeitwa Henry Evans. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 40, alipata kiharusi kilichomwacha bila sauti na bila uwezo wa kutumia mikono na miguu yake. Anatumia kompyuta kwa kusogeza kichwa kidogo na kubonyeza kwa kidole. Mwaka 2011, akishirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha Georgia Tech cha Marekani na kampuni ya Willow Garage, aliiongoza roboti kubwa iitwayo PR2, yenye uzito wa zaidi ya kilo 200, akajikuna uso na kujinyoa ndevu. Hebu fikiria kuwashwa shavu kwa miaka na kusubiri kila mara mtu mwingine akukune. Mwaka 2023 alikaa na roboti nyingine, Stretch, nyumbani kwake kwa wiki nzima. Hiyo ni nyembamba, kilo 24 hivi, nguzo moja juu ya magurudumu, na mkono wake unatoka na kurudi kama antena ya redio. Hiyo inapita mlangoni.

Kinachonigusa katika habari za bwana huyo ni kwamba usukani ulikuwa kwake. Roboti haikununuliwa ili wengine wamwone. Alikuwa na mambo yanayomshinda, akayataja mwenyewe, na watafiti wakajenga kufuata maneno yake. Katika mpango wa wanao usukani uko kwa wanao, na kamera inakutazama wewe. Hofu uliyoiona kwenye video, nadhani ilianzia hapo.

Basi turudi kwenye miwani. Mwaka 2009 watafiti wa Georgia Tech waliwauliza watu wenye ugonjwa wa ALS, unaodhoofisha misuli, ni vitu gani wangependa roboti iwachukulie nyumbani. Orodha iliyotoka ni ya vitu vya kawaida kabisa: rimoti ya televisheni, simu, vidonge vya dawa. Vitu vinavyodondoka. Kwa hiyo jioni yako ile haikuwa jambo dogo, na nakuomba usiliite tena dogo mbele ya wanao. Kitu kimoja sakafuni kilikunyang'anya masaa yote ya jioni ile.

Chukua daftari. Kwa wiki mbili, kila unapokwama, andika: saa, chumba, kitu, na ulifanyaje. "Saa kumi, sebuleni, miwani, nikasubiri asubuhi." Usiandike unachodhani roboti inaweza, andika kinachokushinda. Wiki mbili zikiisha, soma ukurasa kwa ukurasa na ujiulize kila mstari unataka nini. Nakuhakikishia mingi haitataka roboti. Miwani, kwa mfano, inatatuliwa na fimbo ya kuokotea: fimbo nyepesi yenye kibano mwishoni na kifyatulio cha kubonyeza kwa mkono mmoja. Unao mkono wa kulia, inakufaa. Itundike kwenye kiti chako, na nyingine kitandani. Mistari mingine itataka binti. Mingine itataka kitindamimba wako, na labda si kwa kukimbia usiku. Itakayobaki ndiyo kazi ya roboti. Ikibaki mingi, mwite aje. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji ndiye anayejua anaumwa wapi.

Kuhusu binti kupunguziwa siku, hapo nasimama upande wako bila kuyumba. Mpango huo unahesabu kazi za mikono tu, kufagia na kukumbusha dawa, kana kwamba saa zake nyumbani kwako ni jumla ya kazi hizo. Wewe umeandika ni mtu pekee unayezungumza naye tangu kunapokucha. Na hata kwa kazi za mikono hesabu haikai sawa. Japani imewekeza mno kwenye roboti za kutunza wazee, na mtafiti mmoja aliyekaa katika nyumba ya kutunzia wazee huko alikuta wahudumu wameongezewa kazi na roboti badala ya kupunguziwa: kuzihamisha, kuzisafisha, kuzichaji, kuzisimamia wazee wakizitumia. Mashine ya kunyanyulia watu waliiacha baada ya siku chache tu. Nyumbani kwako kazi hizo zitamwangukia nani siku ambazo binti hayupo? Kitindamimba wako. Badala ya kupigiwa simu kwa sababu mama ameanguka, atapigiwa kwa sababu roboti imekwama kwenye zulia. Kabla ya fedha kutoka, mtu amuulize yeye.

Kuna roboti za mazungumzo, nazo sizidharau. Jimbo la New York mwaka 2022 lilianza kuwapa wazee zaidi ya 800 kifaa kiitwacho ElliQ, kinachokaa mezani, kinamsalimia mtu, kinamkumbusha dawa na kuzungumza naye. Wapo wanaokipenda kwa dhati. Ukitaka kujaribu cha aina hiyo kwa zile saa za jioni, jaribu bila aibu, ila kwanza hakikisha kinaelewa lugha unayoota nayo, na kwamba kinaelewa sauti yako ilivyo tangu kiharusi. Kije kuongeza, kisije badala ya binti.

Na kuoga. Asante kwa kuniamini na jambo hilo. Usione aibu kwa kulifikiria. Wapo watu wengi wanaotegemea mikono ya wengine ambao wangechagua mashine kwa kazi za faragha, kwa sababu mashine haikutazami na haikuonei huruma. Kumpenda binti na kutotaka akuone mwili ni mambo mawili yanayoweza kukaa katika moyo mmoja. Sijui roboti ya nyumbani ninayoweza kukuambia itakuogesha salama, na sitakupa tumaini la uongo. Lakini vipo vya kupunguza. Kule Japani kampuni ya TOTO ilianza kuuza mwaka 1980 kiti cha choo cha umeme kinachosafisha kwa maji ya uvuguvugu, na vya siku hizi vinakausha pia kwa hewa. Kwa mtu wa mkono mmoja hicho ni heshima iliyorudishwa, na hakuna anayekiita roboti. Bafuni, ukiwa umekaa kwenye stuli, bomba la kuogea lenye mpira mrefu na sifongo yenye mpini vitakuwezesha kujiosha mwenyewe sehemu kubwa ya mwili. Binti asubiri nje ya mlango, umwite kwa mgongo na miguu tu, ukiwa umejifunika taulo. Waombe hospitalini wale wataalamu wanaowafundisha watu waliopata kiharusi kuoga na kuvaa upya waje waone bafu lako. Na mwambie binti. Sentensi moja inatosha: "Nataka nijaribu mwenyewe, wewe kaa karibu." Ni mpole, umesema. Ataelewa, na huenda naye atapumua.

Nimebakiza kamera. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review lilifichua kwamba picha zilizopigwa na roboti za kufyonza vumbi zilizokuwa zikijaribiwa zilivuja na kufika mitandaoni, mojawapo ya mwanamke akiwa amekaa chooni. Kampuni ilieleza kuwa ni mashine za majaribio, na waliokaa nazo walikuwa wamekubali kurekodiwa. Sidhani kama yule mama alikubali kuonwa hivyo na watu asiowajua. Kwako wewe hatari iliyo karibu zaidi ni ya upendo: wanao watatu, kila mmoja na simu yake, wakikuangalia muda wowote wapendao, ukiwa umekaa na kanga begani au unalia peke yako. Sema wazi. Kamera iwe na kifuniko unachokifungua wewe kwa mkono. Anayetaka kukuona apige kwanza, uitike. Kwa dharura tu, yaani umebonyeza kitufe au hujapokea simu mara kadhaa mfululizo, hapo iwe ruhusa kuona sebuleni. Chumba cha kulala na bafu, hapana, hata kwa dharura. Mtu atumwe.

Kisha kuna swali la uhai wa kampuni, na hilo wanunuzi wengi hulisahau. Roboti ya Jibo, iliyopendwa sana na watu, ilifika majumbani mwaka 2017. Mwaka 2019 huduma zake za intaneti zikazimwa, ikabaki kuwa sanamu yenye uso, baada ya kuwaaga wenyewe kwa sauti yake. Wanao waulize kabla ya kulipa: intaneti ikikatika inafanya nini? Umeme ukikatika? Ikiharibika, fundi yuko wapi? Na inaweza kuja kwa majaribio ya mwezi mmoja, ukaitumia wewe, si wao kwa simu? Muuzaji akikataa majaribio, hilo nalo ni jibu.

Daftari likishajaa, waite wanao wote watatu kwenye simu. Safari hii kikao kiitishe wewe. Waambie hivi, au kwa maneno yako: "Wanangu, nimesikia hofu yenu na nimeifanyia kazi. Hiki ndicho kinachonishinda, nimeandika. Bafuni nataka vyuma, stuli na kitufe cha kuvaa, mwezi huu. Sakafuni nataka mashine ya kufyonza vumbi. Binti haondoki hata siku moja. Roboti ya mkono nitaijaribu, ikiokota vitu vyangu nikiiambia mimi, na kamera nikiifungua mimi. Mkinunua kabla sijajaribu, nitaifunika shuka." Halafu msomee kitindamimba wako ule mstari wa miwani, saa kumi, nikasubiri asubuhi. Ajue kuwa hukumpigia, na sababu yake. Huenda atakwambia angekuja. Huenda mtakubaliana kuwa saa moja jioni kila siku atakupigia yeye, dakika tano, hata kama hakuna kilichodondoka.

Fimbo ya kuokotea inaweza kuchukua siku chache kufika. Leo mwombe binti akutafutie kamba, aifunge kwenye mikono ya miwani, uivae shingoni. Na lile pengo chini ya kabati alizibe, kitu kisiingie tena.